Kadi ya Wino Mmoja

Mbombo Régine hajui kukaa. Ukimpa kiti anakifuta kwanza, anakisogeza ukutani, halafu anasimama pembeni yake kama askari anayelinda kiti. Miaka tisa tumefanya kazi pamoja kwenye shule moja ya msingi hapa Ulaya, mtaani Schaerbeek, mimi jikoni kwenye supu, yeye mlangoni na kwenye garderie, kule wanakolinda watoto kabla na baada ya masomo. Sijapata kumwona amemaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Chai inapoa, yeye yuko anafunga kamba za viatu vya mtoto wa watu.

Kutembea ni kazi aliyotoka nayo Lubumbashi. Kule, mtaani Katuba, alikuwa mchanjaji wa kampeni za polio. Kisanduku cha barafu begani, chupa za matone ndani, chaki mfukoni. Anaingia ua kwa ua, anafungua mdomo wa mtoto, matone mawili, ukucha unapakwa wino. Watoto wa nyumba wakiisha, mlango unaandikwa kwa chaki: tarehe, na wangapi wamemeza kati ya wangapi. Mwenzake alikuwa Polycarpe, yeye wa kuandika kwenye daftari. Karatasi ya kumwachia mama haikuwapo. Na kadi za sindano, zile za kituo cha afya, zikilowa mvua au kuliwa na panya, mtu wa kituo anakaa chini, anauliza mwezi wa kuzaliwa, anajaza kadi mpya yote kwa kalamu moja ya bic kwa kufuata kalenda. Hakuna aliyeiita uongo. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine.

Basi hapo ndipo mambo yalipoanzia, hapo kwenye bic.

Mwaka jana Mbombo alikwenda Lubumbashi kumchukua mjukuu wake Darlène, mtoto wa binti yake Nday, aje kuishi naye mtaani Ganshoren na kusoma. Kadi ya mtoto ilikuwa imeloa mpaka imekuwa uji. Polycarpe, ambaye siku hizi ana meza yake kituoni, akampa kadi tupu yenye muhuri tayari. Mbombo akaijaza usiku wa kuamkia safari, dakika kumi, sindano zote na matone yote. Nday alikuwa chumba cha pili anapiga pasi nguo za mtoto. Hakumuuliza. Mtu aliyechanja nusu ya Katuba amuulize binti yake tarehe za sindano? Kadi ikapita ubalozi, ikapita commune, ofisi ya serikali ya mtaa, ikapita shule. Kila aliyeishika alisema ni kadi safi.

Sasa mwaka huu shule yetu ilikuwa inachemka kuliko sufuria zangu. Watu walikuwa wanazungumza muswada wa sheria: sindano ya surua iwe lazima kwa kila mtoto wa shule, kama matone ya polio yalivyo lazima tayari, na kadi zote ziingie kwenye kompyuta moja, ili wakubwa waone kutoka ofisini shule ipi ina pengo. Ulikuwa bado muswada, lakini mlangoni kwetu watu walikuwa wamegombana kama vile umeshapita.

Mbele alikuwa papa Hervé, baba wa Chloé, bwana mrefu wa baiskeli yenye sanduku mbele. Kila asubuhi anasimama na karatasi zake za kutia sahihi kupinga muswada. Na kila asubuhi Mbombo yuko juu yake.

"Papa Hervé, kwetu mama anaamka alfajiri na mtoto mgongoni kutafuta hiyo sindano. Wewe inakufuata mpaka mlangoni na unaikimbia kwa baiskeli!"

"Sikimbii sindano, madame Régine. Chloé amepata zote. Nakimbia kompyuta yao. Karatasi inaweza kusema lolote."

"Ya kwangu haisemi lolote. Inasema nilichoandika."

Wazazi wakacheka, hata Hervé alicheka. Mimi nilikuwa natoa mapipa, nikacheka nao. Madame mkurugenzi alimpenda kwa maneno hayo, akamwomba Jumanne inayofuata aongee na akina mama kwenye mkutano, awaeleze chanjo ni nini, yeye aliyezibeba. Mbombo akanunua mpaka kitambaa kipya cha kichwa kwa ajili ya mkutano.

Halafu ikaja Jumatano.

Jumatano watoto wanatoka saa sita mchana. Saa tano muuguzi wa afya ya shule, Océane, msichana mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye, akatuita wote chumba cha walimu. Mathieu wa mwaka wa kwanza ana surua. Imethibitishwa. Mathieu alikuwa ametoka safari na wazazi wake. Ndege ilitua Jumatatu asubuhi, na mama yake, badala ya kumpumzisha mtoto, akamtupa kwetu saa ile ile ya chakula cha mchana, anakohoa. Mimi ndiye niliyempakulia. Na nilimwona kwa macho yangu anakula supu kwa kijiko kimoja na Darlène, kwa zamu, wanacheka.

Océane akaeleza taratibu. Orodha anayo: watoto mia mbili na kumi, wenye kadi kamili mia mbili na watatu. Wale saba watabaki nyumbani mpaka daktari aseme. Ila kwa aliyekaa karibu na Mathieu na hana sindano, bado kuna nafasi: ikipigwa kabla ya saa sabini na mbili kupita tangu alipokutana na ugonjwa, inaweza kuuwahi.

"Yaani mpaka kesho saa sita mchana," akasema.

Mbombo alikuwa amesimama kama kawaida. "Mimi mtoto wangu ni salama," akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu. "Nakala ya kadi yake unayo."

"Ninayo, madame Régine. Laiti zote zingekuwa kama hiyo."

Tulitoka pamoja, Darlène katikati yetu anaruka vigae vya njia, maana nilikuwa na shughuli zangu upande wa Ganshoren. Kituoni, tukingoja tramu, Mbombo akampigia Nday. Kumpigia tu, kujivuna kidogo, kumwambia Ulaya kuna surua na mtoto wako amelindwa. Aliweka sauti wazi, ndiyo maana nilisikia.

"Maman, ngoja. Unasema rougeole?"

"Njo ile. Lakini mutoto iko na sindano yake ya miezi tisa, usiogope."

Nikasikia cherehani ya jirani yake kule Lubumbashi.

"Maman, ya miezi tisa hakupataka."

"Unasema nini?"

"Tulikuwa Likasi, mu kilio ya papa mukwe. Kisha mutoto akapata homa, banatuambia tungojee. Kisha... bon. Tulisahau."

"Mulisahau! Nday, mulisahau! Mutoto ni sufuria, mumusahau ku moto?"

"Maman, weye njo uliandika kadi." Nday hakupaza sauti. "Mi nilikuwa pale mu chumba. Haukuniuliza."

Mbombo akazima simu. Tramu ikaja, ikafungua milango, ikafunga, ikaenda. Hatukupanda. Darlène akamwuliza bibi yake, "Koko, hatuendi?" Mbombo akamshika kidevu, akamfungua mdomo, akamwangalia mpaka kooni, akitafuta madoa, pale pale kituoni, watu wanapita. Ndivyo alivyokuwa akifungua midomo ya Katuba, dole gumba hapa, vidole viwili pale.

"Haina kitu," akasema. "Bado haina kitu."

"Twende kwa daktari," nikamwambia. "Leo. Apigwe, iishe."

Nilidhani ni rahisi hivyo. Daktari wake wa Ganshoren ni mzee mpole, barabara yake ni kimya hata ukipiga chafya jirani anafungua dirisha. Mbombo akasema mtoto amekaa karibu na mgonjwa, anaomba sindano ya surua. Mzee akachukua kadi, akaweka miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"Lakini ameshapata zote mbili, madame. Tarehe hizi hapa. Hahitaji kitu. Akipata homa, unanipigia."

Nikamtazama Mbombo. Ilikuwa sentensi moja tu. Daktari, kadi hii nimeiandika mimi. Mwanamke anayemfokea baba wa watu mlangoni kila asubuhi alichukua kadi yake, akasema, "Merci, docteur." Tukajikuta nje.

"Na ule mdomo wako wa mlangoni uko wapi?" nikamwuliza. "Umeuacha Schaerbeek?"

"Maman Aristote, uniache."

"Sikuachi. Kesho saa sita."

"Unafikiri mi sijue kuhesabu? Ile kadi iko mu dossier ya mutoto ku commune! Iko mu visa yake! Nikisema nimeiandika mi mwenyewe, batamurudisha. Na kazi nayo? Commune njo inanilipa. Utaniambia nini, nikauze mandazi?"

Alikuwa anazunguka kwenye njia ya watu, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Darlène alikuwa ameketi kwenye ngazi za daktari anahesabu magari mekundu. Mbombo akasimama ghafla mbele yangu, akashusha sauti.

"Kuko mulango moja," akasema. "Katuba. Ni miaka ishirini na mbili sasa. Mvua ilikuwa inaanza, barafu ilikuwa imekwisha. Papa wa ile nyumba akakatala, akasimama na fimbo. Batoto batatu nyuma yake. Na chef, mukubwa yetu, alikuwa amesema hataki kusikia refus, nyumba ya kukatala, hata moja ile siku. Polycarpe alikuwa ku nyumba ingine. Mi nikatoa chaki, nikaandika: trois sur trois. Batatu kwa batatu. Hakuna hata tone moja lilitoka mu chupa."

"Na wale watoto?"

"Sijue. Sikurudiaka ile njia." Akafuta mikono kwenye koti, kana kwamba chaki bado ipo. "Tena nimefanya vile vile. Na ni damu yangu."

Nilimwambia tu kwamba kama hatasema yeye kesho, nitasema mimi, na supu yangu itaungua kwa ajili yake. Akaniita jina ambalo silirudii hapa. Nikapanda basi langu.

Alhamisi asubuhi alikuwa mlangoni kabla ya wote. Hervé akafika na baiskeli, akapanga karatasi zake, akangoja kichapo chake cha kila siku. Hakuna. Mbombo akampokea Chloé mkoba, akasema bonjour, basi.

"Madame Régine, unaumwa?"

"Pita, papa Hervé. Leo sina muda nawe."

Saa mbili. Saa tatu. Mimi nakata karoti na macho yangu yako kwenye saa ya ukutani, karibu nikate kidole. Kila nikichungulia dirishani namwona anavuka uwanja: anaokota kofia, anafunga bomba, anafungua bomba lile lile. Darasa la Darlène lilikuwa na nusu ya viti vitupu, wazazi wamewaficha watoto. Darlène alikuwapo. Kwani kadi yake si kamili?

Saa nne na nusu nikavua aproni. Nikaivaa tena. Nikajiambia nampa mpaka saa tano, nisimwibie mtu maneno yake.

Saa tano kasorobo mlango wa jikoni ukafunguliwa kwa teke. Mbombo, amemshika Darlène mkono, kitambaa kipya cha mkutano kichwani.

"Zima moto. Unakuja na mi. Nikikimbia unishike."

Océane alikuwa kwenye chumba chake kidogo karibu na ngazi, orodha mezani. Daktari wa shule alikuwa chumba cha pili anampima mtoto mwingine. Mbombo hakungoja kuambiwa aingie. Akaweka kadi juu ya orodha.

"Angalia wino."

Océane akaangalia. "Ni kadi ya Darlène."

"Angalia wino, nakuambia. Miaka mitano ya sindano. Bic ngapi?"

Yule msichana akainua kadi kwenye mwanga. Nilimwona anavyoelewa, taratibu, kutoka mstari wa juu mpaka wa chini. Bluu ileile, mkono uleule, hata nukta zimewekwa kwa nguvu ileile.

"Moja," akasema.

"Ni yangu. Nimeiandika mimi, kwa siku moja. Matone ya polio najua alipata, Polycarpe alinipigia picha ya mlango. Sindano nyingine nilifuata kalenda. Ya surua hakupata. Jumatatu alikula na Mathieu kijiko kimoja, huyu mama ni shahidi. Utanihukumu baadaye. Saa sita inafika."

Océane aliangalia saa yake ya mkononi, akafungua mlango wa pili, akamwita daktari kwa jina lake. Maneno yalikuwa machache. Bila ushahidi wanaouamini, wanahesabu kwamba mtoto hakuchanjwa, wanaanza upya. Kama kuna aliyoipata, kuipata tena hakumdhuru. Mbombo akatia sahihi. Saa tano na dakika arobaini Darlène akapiga kelele moja, akapewa kibandiko chenye picha ya sungura, ikaisha. Mvua ya miaka ishirini na miwili haikuisha, lakini sindano ilikuwa imeingia.

Océane akachukua kadi mpya. Akaandika mstari mmoja. Tarehe ya siku ile, namba ya chupa, muhuri, sahihi. Mistari mingine yote akaiacha wazi.

"Hii ndiyo kadi yake," akasema. "Atakaa nyumbani, tutamwangalia wiki tatu. Sindano inaweza kuwa imewahi. Siwezi kukuahidi."

"Usiniahidi," Mbombo akasema. "Ahadi na kadi nimeshachoka nazo."

Madame mkurugenzi alimwita alasiri. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Mbombo kuliko kelele. Alisema lazima aandikie commune, hana njia nyingine. Mpaka jibu lije, Mbombo hatasimama mlangoni, hatagusa karatasi za watoto. Atakaa chumba cha makoti. Na Jumanne hataongea kwenye mkutano, bila shaka.

"Chumba cha makoti!" akaniambia, anavuta sufuria yangu aifute bila kuombwa. "Mi na makoti! Itabidi niyachanje."

Shule haina siri. Ijumaa asubuhi Hervé alikuwa ameshajua. Alimfuata mpaka kwenye makoti, nami nilikuwa pale na ndoo.

"Madame Régine, nilikuambia. Karatasi inaweza kusema lolote."

Nilifikiri atamrukia. Akatundika koti la Chloé, akalinyoosha mikono yote miwili.

"Uliniambia. Lakini papa Hervé, nani aligundua? Si wewe na sahihi zako. Ni mtoto aliyekohoa. Ungetaka tungoje mpaka Chloé naye akohoe?"

"Chloé ana kadi ya kweli."

"Una hakika? Wewe uliiona sindano ikiingia au uliiona kadi?"

Hervé akakuna ndevu. Akasema alikuwa kazini siku ile, mke wake ndiye aliyempeleka. Akaondoka akiwaza, na mimi sijawahi kumwona bwana yule akiondoka mahali akiwa anawaza.

Lakini jambo lililotushangaza lilikuja saa ya chakula. Paskalina, Mtanzania, mume wake yuko ubalozini na mtoto wake Agape yuko mwaka wa pili, akasimama kwenye mlango wa jikoni na mkoba umebanwa kifuani.

"Dada Régine yupo?"

"Yuko anazungumza na makoti," nikasema.

Mbombo akaja. Paskalina akatoa kadi, hakuipeleka mbele, akaionyesha tu pembe.

"Ya kwetu ilipotea tulipohama," akasema. "Shangazi yake ni muuguzi. Aliijaza yote siku moja, kwa kukisia. Nilijua. Nimekaa nayo kimya. Sasa nimesikia ulivyofanya, na sijalala. Watanifanya nini?"

"Mi baliniweka mu makoti," Mbombo akasema. "Weye hauna kazi hapa, watakuweka wapi? Kuya."

Akamshika mkono, wakapanda ngazi kwa Océane. Jumatatu wakawa watatu. Mama mmoja kutoka Likasi, mwingine Mkongomani wa mji mwingine aliyejaza kwa bic nyeusi na kujidai hiyo ni tofauti. Kufika Jumatano iliyofuata Océane alikuwa na kadi nane za wino mmoja kwenye bahasha, pamoja na ile ya Darlène. Mkutano wa Jumanne ulifanyika bila Mbombo. Aliongea daktari, na muswada wa sheria ukatukanwa na kusifiwa kama kawaida. Baada ya hapo Océane akashuka jikoni na orodha yake, Mbombo yuko anafuta sufuria zangu.

"Madame Régine, umeniharibia hesabu. Nilikuwa na mia mbili na watatu. Sasa nina mia moja tisini na tano. Ofisini wataniuliza shule yangu imepatwa na nini."

"Waambie haikupatwa na kitu. Wale wanane walikuwa hivyo hivyo tangu zamani. Wewe ndiye umeanza kuwaona."

Océane alicheka, halafu akaacha kucheka, akaandika namba hiyo mpya na kuizungushia duara.

Leo ni siku ya kumi na tatu tangu sindano. Mbombo amemtumia Polycarpe ujumbe, amemweleza ule mlango ulivyokuwa: bati la kijani, mti wa parachichi nyuma, shimo la maji mbele. Amemwomba aende akaulize wale watatu wako wapi. Polycarpe amejibu tu kwamba Katuba imejengwa sana, lakini atakwenda. Simu ikilia, Mbombo anaiangalia kama nyoka.

Mbombo amechukua likizo wiki hii kumwangalia mtoto, nami leo sina zamu, nikaenda Ganshoren kumpelekea supu. Darlène alipata joto kidogo juzi. Daktari akasema inaweza kuwa sindano tu, subirini. Joto limeshuka. Madoa hakuna. Mbombo hajakaa tangu nifike. Amesukuma meza, ameirudisha, amefua pazia ambalo lilikuwa safi.

"Kaa chini, weye," nikamwambia. "Unanichosha macho."

"Nitakaa siku ya ishirini na moja."

Barua ya commune haijaja. Gari la posta linapita barabara yao saa nne, na kila saa nne yeye yuko dirishani tayari. Leo lilisimama mbele ya nyumba. Nikadhani atashuka ngazi mbio. Badala yake akageuka, akamwita Darlène kutoka kwenye katuni zake, dole gumba kwenye kidevu, vidole viwili shavuni, akamfungua mdomo kuelekea mwanga na kuangalia kote, ulimi, fizi, koo.

"Haina kitu," akasema.

Ndipo akachukua ufunguo wa sanduku la barua, akashuka.